Riviu: tumelipia mtu atuandikie maelekezo ya zana zetu ili ejenti wa AI azitumie vizuri

Wakuu habari zenu, hii riviu nimeichelewesha makusudi maana sikutaka kuandika siku ile ile nimefurahi, nilitaka kwanza kazi ikae mwezi mzima tuone kama inashika au inaachia, sasa mwezi umepita na siku kadhaa juu kwaiyo naandika. Huduma yenyewe ni ya dada mmoja wa hapa hapa Dar, anaandika maelekezo ya programu, ile wanaita dokumentesheni, ila anaiandika ili isomwe na ejenti wa AI na sio developa peke yake. Jina lake siliweki maana hajaniruhusu, anayemhitaji kweli aniambie nimuulize kwanza mwenyewe.

Sisi ni watu wanne, ofisi iko Kijitonyama, ukishuka kituo cha Sayansi unatembea kidogo tu umefika. Tuna mfumo wa wafanyabiashara wadogo, wenye mabucha, saluni, maduka ya vipuri Kariakoo, mafundi cherehani, wanautumia kutuma SMS kwa wateja wao, kupokea oda na kukumbushia madeni. Zamani mteja alikuwa anaingia kwenye mfumo anabonyeza mwenyewe, sasa wengi wao hawana muda wa kubonyeza, mtu ana kisu mkononi na foleni mbele yake, kwaiyo mwaka jana tukaweka ejenti. Mwenye bucha anaandika WhatsApp kama anavyoongea, ejenti anasoma, anachagua zana (yani kazi moja moja ya mfumo wetu, mfano kutuma SMS), anajaza, anatuma. Kwenye demo ilikuwa tamu sana. Kwenye kazi halisi ikaanza kutuumiza.

Nieleze kidogo ejenti anavyoziona hizi zana maana bila hilo riviu haitaeleweka. Ejenti haioni programu yako. Haoni databezi, haoni skrini, hajui mlikubaliana nini kikaoni jumatatu. Anachopewa ni jina la zana, maelezo yake, na orodha ya vitu vya kujaza pamoja na aina ya kila kitu, hiki ni namba, hiki ni maandishi, hiki lazima kiwepo. Sisi tunatumia MCP, ule utaratibu wa wazi wa kumuunganisha AI na zana ambao kampuni ya AI ya Anthropic waliutoa Novemba 2024, na huko ndo hivyo hivyo, jina, maelezo na skima, yani ile orodha ya vya kujaza na aina zake. Developa binadamu akikutana na maelezo mabovu atakupigia simu, atauliza kwenye grupu, atachungulia seva, mwisho atapata. Ejenti atajaza anachodhani na atatuma, na atakujibu "tayari bosi" wakati kimeshaharibika.

Sasa niwape ya bucha. Tuna mteja ana bucha Sinza, mzee mmoja makini sana na biashara yake, ana wateja kama 600 kwenye listi. Jioni moja akaandika kwamba kesho saa 4 asubuhi wateja watumiwe meseji nyama imefika. Nyama yake inatoka machinjioni Vingunguti na gari lilikuwa limepangwa kufika saa 3 na nusu, kwaiyo saa 4 ilikuwa na hesabu yake. Zana yetu ya kupanga meseji ilikuwa na kitu cha kujaza kinaitwa "muda", maelezo yake neno moja tu, "Muda". Ejenti akaona saa 4 asubuhi akaweka 04:00. Hapo kosa la kwanza, maana kila mtu mtaani anajua saa 4 asubuhi ni 10:00 kwa saa za kizungu. Halafu seva yetu muda usio na alama ya ukanda inausoma ni UTC, ile saa ya kimataifa ya kulinganishia, na sisi tuko masaa 3 mbele, kwaiyo 04:00 ikawa 07:00 ya hapa. Meseji zikaruka saa 1 asubuhi. Watu wamekuja bucha saa 1 na nusu na vikapu vyao, wengine wamepanda bodaboda kabisa, bucha ndo kwanza anafagia, hamna hata kilo.

Yule mzee hakutukana, alinipigia akasema "kijana wangu, leo umenifanya muongo mbele ya watu wangu". Ile sentensi ilinikaa siku nzima.

Tukafikiri tumerekebisha, wiki iliyofuata ikaja nyingine. Meseji ilikuwa hii, naiweka nzima muone: "Ndugu mteja, leo nyama ya ng'ombe imeshafika, steki, mbavu na maini vipo. Wahi kabla ya saa 7 mchana. Oda piga simu tukuletee hadi nyumbani." Hesabuni, ni herufi 140 pamoja na nafasi, na SMS moja ya kawaida inabeba 160, kwaiyo kwa wateja 600 inatakiwa iondoke na SMS 600. Ziliondoka 1,800, bando la mzee likaisha. Tumetafuta mpaka saa 6 usiku ndo tukaona, ni kile kialama cha kwenye ng'ombe. Ukiandika kile cha kusimama wima cha kwenye kibodi, kimo kwenye herufi za kawaida za SMS. Ejenti yeye alikiweka kile kilichopinda cha kwenye vitabu, hakimo, na herufi moja tu ya nje ikiingia basi meseji nzima inahamia Unicode, ule mfumo wa herufi za lugha zote, na huko SMS moja inabeba herufi 70, zikiunganishwa kila kipande kinabeba 67. Mara mbili ya 67 ni 134, sisi tuna 140, kwaiyo vipande vitatu kwa kila mtu. Fikirieni lugha yetu ilivyo na ng'ombe, ng'ambo, kung'aa, ving'amuzi, na hamna mahali popote kwenye maelezo yetu tulipomwambia ejenti habari ya hicho kialama.

Na hapa niseme ukweli, sehemu ya lawama ni ya kampuni tuliyokuwa tunapitishia hizo SMS wakati ule, siitaji, ila maelekezo yao yalikuwa PDF, na mifano yote ndani yake ni picha za skrini. Mtu anaweza akaikodolea macho akaelewa, ila ukivuta maandishi kwenye ile PDF ili umpe ejenti, mifano yote inabaki nyuma. Na erori yao ilikuwa moja kwa kila kitu, "400 ombi batili". Namba mbaya, 400 ombi batili. Jina la mtumaji halijaidhinishwa, 400 ombi batili. Salio limeisha, ile ile. Ejenti akipata jibu kama hilo hana cha kushika, anabadilisha chochote anarudia, anabadilisha kingine anarudia.

Ndo mshikaji wetu mmoja akatuambia kuna dada anafanya hii kazi. Nilikuwa na wasiwasi, yani nilipe hela mtu aje aandike maelezo ambayo mimi niliyetengeneza zana nayajua? Bei aliyosema ni laki tisa kwa zana zote, nusu kabla, nusu baada. Nikamwambia mhasibu wetu akaguna. Tukakubali.

Siku ya kwanza amekuja asubuhi, kasalimia vizuri, kakataa kufungua laptopu. Akaomba tumpe zile karatasi tumeprinti majina na maelezo ya zana zote 19 bila kitu kingine, halafu akasema "kaka, leo mimi ndo ejenti, nipe kazi moja ya kweli ya mteja". Nikamsomea ya yule mzee wa bucha, kesho saa 4 asubuhi wateja wote. Akapitisha kidole kwenye karatasi, akakuta zana inaitwa tuma, nyingine tuma2, nyingine tuma_kundi_mpya, na nyingine tuma_ratiba. Akaniuliza tuma na tuma2 zina tofauti gani. Nikaanza kumweleza historia, kwamba ya kwanza ilikuwa ya wateja wa zamani halafu tulipohama seva tukaweka ya pili, akaninyamazisha kwa mkono, akasema "hayo yote yameandikwa wapi kwenye hii karatasi?" Hayakuandikwa. Akaenda kwenye muda, akauliza muda wa nani, wa hapa au wa seva? Saa ya Kiswahili au ya kizungu? Nikipanga muda uliopita inakuaje, inatuma sasa hivi au inakataa? Wateja wote maana yake nimpe listi au nimpe jina la listi, na jina nalitoa wapi? Nikishatuma naweza kuzuia? Alifika maswali 11 kwa kazi moja tu na kila swali jibu lilikuwa kichwani kwangu au kwa mwenzangu, kwenye karatasi hakuna. Nilikaa kimya. Ile nusu saa peke yake ilikuwa na thamani ya ile nusu ya kwanza ya hela.

Kazi yenyewe sasa. Alianza na majina, na kabla ya majina alianza na kufuta. Zana 19 zikawa 8. Alisema kila zana unayomwekea ejenti inakula nafasi ya kusomea na inamuongezea njia panda, zana mbili zinazofanana ni hatari kuliko zana moja ngumu. tuma na tuma2 zimezikwa, sasa kuna tuma_sms_mtu_mmoja, kuna tuma_sms_listi, kuna panga_sms_baadaye, kuna tafuta_listi, na hiyo ya tafuta_listi hatukuwa nayo kabisa, ejenti alikuwa anabuni majina ya listi mwenyewe maana hatukumpa pa kuyatafutia.

Maelezo ya kila zana sasa yana umbo lake. Inafanya nini, itumike lini, isitumike lini na badala yake itumike ipi, inarudisha nini, na kama ikishafanyika inaweza kurudishwa nyuma au hairudi. Hiyo ya isitumike lini sijawahi kuiona kwa mtu mwingine hapa mjini na ndo iliyobadilisha mambo kuliko zote. Mfano kwenye tuma_sms_listi kaandika kwamba kama mteja ametaja siku au saa ya mbele usitumie hii, tumia panga_sms_baadaye. Sentensi moja. Kabla ya hapo ejenti alikuwa anaweza kutuma pale pale halafu anamwambia mteja amepanga.

Kwenye muda kaandika aya nzima na mimi nilidhani ni ndefu mno, sasa naona inalipa. Ijazwe kwa saa 24 na mwishoni iwe na +03:00. Mteja akiandika saa kwa Kiswahili, ongeza 6 kwa saa za asubuhi na mchana (saa 12 asubuhi peke yake ni 06:00), na kwa za usiku ongeza 18, ikifika 24 au kuzidi toa 24, kwaiyo saa 4 asubuhi ni 10:00, saa 7 mchana ni 13:00, saa 2 usiku ni 20:00. Kama mteja amesema saa tu bila asubuhi wala usiku, usikisie, muulize. Na yeye aliongeza kitu ambacho nisingekifikiria, kwamba alfajiri na usiku wa manane zina utata wa siku, mtu akisema jumamosi saa 8 usiku anaweza kuwa anamaanisha usiku wa kuamkia jumapili, kwaiyo hapo pia ejenti aulize. Huyu dada kakulia huku, amewahi kukosa basi la mkoani kwa sababu ya tiketi iliyoandikwa saa za kizungu, ndo maana aliiona.

Namba za simu nazo hivyo hivyo. Watu wa huku wanaandika namba inaanza na 0, wengine wanaweka +255, wengine wanaacha nafasi katikati, wengine wanaweka mbili kwa mkwaju. Kaeleza fomati moja tu inayopokelewa, 255 ikifuatiwa na tarakimu 9, bila jumlisha, bila nafasi, akaiweka na kwenye skima kabisa ili namba mbovu igome mlangoni. Hapo hapo akagundua jambo la aibu kwetu, mfano wa namba tuliokuwa tumeuweka kwenye maelezo ya zamani ulikuwa ni namba halisi ya mhasibu wetu, na ejenti akikosa namba kwenye ujumbe wa mteja alikuwa wakati mwingine anachukua ile ya kwenye mfano. Mhasibu alikuwa analalamika miezi miwili anapokea meseji za mabucha na saluni hatukujua zinatoka wapi. Sasa mifano yote ni ya namba ambayo mfumo wenyewe unaikataa ikitumwa.

Erori aliziandika upya zote na hizi nazipenda sana. Sasa ikikosewa inajibu hivi: namba imeanza na 0, ondoa hiyo 0 weka 255 mbele kisha tuma tena. Au: salio halitoshi, usirudie ombi hili, mjulishe mteja anunue bando. Inamwambia nini kimeharibika na afanye nini baada ya hapo, na zaidi inamwambia kama arudie au asirudie. Hii ya kurudia imetuokoa. Kabla, mtandao ukikata katikati ejenti hajui kama meseji zimeondoka, anarudia, wateja wanapata mara mbili. Yeye alitulazimisha kila ombi liwe na namba yake ya kipekee, ejenti akirudia na namba ile ile mfumo hautumi tena, unarudisha jibu la kwanza. Nikamwambia dada hii sio kuandika hii ni programu kabisa, akanijibu kwamba kuna mambo maneno hayawezi kuyaziba, zana ikiwa mbovu maelezo yatakuwa marefu kila siku.

Na alikuwa mkali kwenye hilo. Nilitaka aandike kwenye zana ya kufuta listi "usifute bila ruhusa ya mteja" tumalize. Kakataa. Alisema maelezo ni maelekezo, sio kufuli, ejenti anaweza kuyapuuza au mtu akaandika ujumbe wa kumdanganya, kwaiyo ufutaji lazima usubiri mteja mwenyewe athibitishe kwenye simu yake. Akatuonyesha hata ndani ya MCP, zile alama za kusema zana hii inasoma tu au inaharibu, utaratibu wenyewe unaziita dokezo. Tulitumia siku mbili kuijenga hiyo sehemu ya uthibitisho na zile siku mbili hakutuchaji.

Kuhusu ile ng'ombe, aliweka zana ya kuangalia kabla, unaipa meseji inakurudishia ni vipande vingapi, watu wangapi, jumla SMS ngapi, na kama kuna herufi inayosukuma meseji kwenda Unicode inaitaja ni ipi. Maelezo yake yanasema iitwe kila mara kabla ya kutuma kwa zaidi ya watu 20 na jumla ionyeshwe kwa mteja. Yule mzee wa bucha sasa anaona "SMS 600, nitume?" kabla ya chochote.

Sasa pale tulipogombana, maana hii ni riviu. Maelezo ya zana kayaandika kwa Kiingereza. Mimi nilikasirika kweli, nikamwambia wateja wetu Waswahili, sisi Waswahili, wewe Mswahili, mbona tunarudi kule kule. Alinieleza kwa utulivu. Hizi modeli za AI zimesoma Kiingereza kingi mno kuliko Kiswahili, na zikisoma Kiswahili zinakikatakata vipande vingi zaidi kwa maana ile ile, kwaiyo maelezo yale yale yanakula tokeni nyingi, yani vile vipande vinavyolipiwa, na hela nyingi. Nikamwambia sawa, ila nyama ya ng'ombe ni nyama ya ng'ombe. Tukajaribu njia zote mbili. Mwisho tukakubaliana hivi: majina ya zana ni Kiswahili, maelezo Kiingereza, na maneno yote ya mteja yabaki Kiswahili kama yalivyo ndani ya alama za nukuu, "kesho kutwa", "saa 4 asbh", "listi ya mkopo", "wale wa juzi", kila neno na maana yake. Halafu kuna ukurasa wa pili, wa binadamu, Kiswahili tupu, kwa wateja wetu na kwa developa mpya tutakayemwajiri. Nakubali kwamba inafanya kazi. Bado moyoni natamani siku moja nisihitaji ile ya Kiingereza, na mtu yeyote anayetengeneza modeli akisoma hapa ajue kuna watu tunaisubiri.

Alipima pia, hakutuachia maneno. Alichukua jumbe 30 za kweli za wateja, akafuta majina na namba, akazipitisha kwa ejenti na maelezo ya zamani, halafu na mapya. Za zamani ejenti alipatia 13. Mapya 26. Zile 4 zilizobaki alituandikia moja moja kwa nini zimekosewa, na mbili kati ya hizo alisema hata yeye binadamu asingeelewa mteja anataka nini, kwaiyo sahihi ilikuwa kuuliza. Hizo jumbe 30 ametuachia, tukibadilisha kitu tunazipitisha tena kabla hatujakiweka hewani.

Alituwekea na lile faili la llms.txt kwenye tovuti, lile wazo la Jeremy Howard la 2024 la kuwa na ukurasa mwepesi wa maandishi unaomwelekeza AI wapi pa kusoma. Halidhuru, ila kwa biashara yetu sijaona tofauti, wateja wetu hawaji kupitia huko. Kama una bajeti ndogo hicho kiache mwisho.

Mapungufu. Alichelewa siku 4 na hakutujulisha mpaka tulipompigia, alikuwa na mgonjwa, namuelewa ila ujumbe mmoja ungetosha, maana mimi nilikuwa nimeshawaahidi wateja. La pili ni kubwa zaidi. Alitukabidhi maelezo yote kwenye faili la pembeni, zuri, limepangwa, ila liko mbali na programu yenyewe. Wiki mbili baadae mwenzangu akabadilisha jina la kitu kimoja cha kujaza, kutoka "listi" kwenda "listi_id", faili likabaki na la zamani, ejenti akaanza kukosea tena siku nzima. Tulimwita, akakubali kosa, akaja bure, sasa kila maelezo yanakaa ndani ya programu pale pale ilipo zana, na ukibadilisha moja bila nyingine jaribio linagoma. Ila hili lilitakiwa liwepo tangu siku ya kwanza, na mtu yeyote anayetaka huduma kama hii aliulize mapema kabla hajatoa hata shilingi.

Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, tulisubiri sana, ilikuja baada ya kukumbushia mara tatu. Kwa kampuni ndogo inayofunga hesabu zake vizuri hiyo ni kero.

Wanaojiuliza kama laki tisa ni nyingi, mimi nitawapa hesabu yangu tu. Zile SMS 1,200 za ziada za ng'ombe tulimrudishia mzee sisi. Zile mara mbili mbili za mtandao kukata tulirudisha sisi. Wateja wawili wa saluni walihama na hawajarudi. Na nilikuwa nalala na simu mkononi nikisubiri nani atapiga asubuhi, hiyo sijaiwekea bei.

Juzi jumanne yule mzee wa bucha aliandika "kesho saa 12 watumie wale wa maini". Niliiona ikiingia nikasimama nyuma ya skrini kabisa kuangalia. Ejenti kaita tafuta_listi, kapata listi ya maini ina watu 84, kaangalia meseji, kipande kimoja kimoja, halafu kamuuliza: "Mzee, saa 12 asubuhi au saa 12 jioni?" Mzee kajibu "asubuhi mwanangu, jioni maini yameshaisha". Ikapangwa 06:00 na +03:00 yake mwishoni.

Mwezi ujao tumemwita tena, safari hii kwa zana za malipo ya simu, na tumeshamwambia maelezo yakae ndani ya programu tangu mwanzo na risiti itoke siku ya kulipa. Nitaleta mrejesho hapa hapa.